"Stayin' Alive": Mbona ngoma ya disko ya 1977 inafunzwa na madaktari

Wacha tuanze na hesabu kidogo. Usiogope, si ile ya KCSE. Chukua simu, tafuta "Stayin' Alive" ya Bee Gees, weka sauti. Gitaa na besi zikiingia, anza kupiga makofi na mdundo. Hesabu makofi kwa sekunde 15, alafu uzidishe mara nne. Kama hauko usingizini, utapata kitu kama 104. Hiyo ndio inaitwa BPM, yaani midundo kwa dakika moja, na kwa hii ngoma hiyo namba ni kitu kubwa.

Sababu ni hii. Msee akianguka na moyo wake usimame, mtu mwenye ako karibu anafaa kumfinya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuzubaa, mpaka usaidizi ufike. 104 imeingia hapo bila kusukumwa. So ile ngoma labda guka na cucu wako walikuwa wanakata nayo mauno, spidi yake ndio spidi ya kushikilia mtu asiende. Na hakuna mtu alikaa chini akapanga hivyo. Ilitokea tu, na vile ilitokea ndio stori iko na utamu.

Rudi nyuma mpaka 1977. Bee Gees ni ndugu watatu, Barry, Robin na Maurice Gibb. Wako Ufaransa kwa studio moja iko ndani ya jumba kuukuu la kifahari, Château d'Hérouville, nje kidogo ya Paris. Meneja wao, Robert Stigwood, anawapigia simu: anatengeneza filamu ya mambo ya klabu na kudansi, anataka ngoma. Hiyo filamu ndio ilikuja kuitwa "Saturday Night Fever", ile John Travolta anatembea mtaani Brooklyn akibeba mkebe wa rangi kama mtu anadaiwa na dunia nzima lakini hajali.

Sasa shida. Mpiga dramu wao, Dennis Bryon, amelazimika kuenda nyumbani ju ya mambo ya familia. Hako. Na si Nairobi hapa mahali unaeza piga simu kwa kanisa tatu ukapata wapiga dramu saba. Wakajaribu mashine ya dramu, lakini mashine za hiyo enzi zilikuwa na sauti kavu kama mtu anagonga sufuria na kijiko. Ikakataa.

Hapo ndio producer wao Albhy Galuten na fundi wa sauti Karl Richardson walifanya kitu wasee wote wa bedroom studio wanafanyanga sai na kubonyeza mara moja tu. Walikuwa tayari wamerekodi "Night Fever", na Bryon alikuwa amepiga hiyo. Wakachukua baa mbili pekee za dramu kutoka huko, wakazihamisha kwa mkanda mwingine, wakakata, wakaunganisha ncha mbili za mkanda na gundi ukawa duara. Mkanda wenyewe ulikuwa mrefu hadi haungetoshea kwa mashine, so wakaupitisha juu ya stendi za mike ukizunguka chumba kama kamba ya kuanika nguo. Ukizunguka, baa mbili zinarudi. Zinarudi tena. Zinarudi tena. Wamepata lupu.

Cheki, leo ukifungua FL Studio kwa laptop ya beshte yako, lupu ni kitu ya sekunde mbili. 1977 ilikuwa kazi ya mkono, wembe na subira. Na walipofika kuandika majina ya wapiga vyombo, wakaweka mpiga dramu anaitwa "Bernard Lupe". Ilikuwa jokes, wakimchezea Bernard Purdie, mpiga dramu halisi mwenye jina kubwa Marekani, na "lupe" ikiwa ni lupu yenyewe. Kuna watu waliamini, wakaanza kumtafuta huyo Lupe awapigie kazi. Walikuwa wanatafuta mkanda.

Hiyo lupu ndio sababu hii ngoma ni tofauti na nyingi za wakati wake. Mtu akipiga dramu laivu, ata akiwa noma aje, spidi huwa inapanda na kushuka. Kwa korasi anapata moto, anakimbia kidogo. Kwa ubeti anatulia. Ukipima ngoma za zamani na programu ya BPM utaona namba zinayumbayumba. Si makosa, ni binadamu. Lakini "Stayin' Alive" iko na zile baa mbili zinajirudia, so mdundo wa kwanza na mdundo wa mwisho ziko na nafasi ile ile. Hakuna kukimbia, hakuna kulegea. Kama unataka kitu ya kukupimia spidi ukiwa na hofu, hii ni saa ya ukutani yenye besi.

Hesabu ya haraka: kwa 104, mdundo mmoja unakaa karibu sekunde 0.58. Baa moja ya midundo minne ni sekunde 2.3, so ile lupu nzima ya baa mbili ni kama sekunde 4.6. Toleo la albamu lina dakika 4 na sekunde 45. Ukizidisha, hiyo ngoma moja ni midundo karibu 490. Shika hiyo namba, tutairudia.

Tuingie kwa ufunguo, ile kitu wasee wa studio wanaita ki. Hii ngoma iko kwa F maina. Kama hujui muziki, iweke hivi: ufunguo ni nyumbani kwa wimbo. Noti zote zinaeza tembea, zizurure mtaa wa pili, lakini kuna moja zikifika unahisi zimefika keja. Hapa hiyo noti ni F. Na neno maina linakuambia aina ya nyumba. Ngoma za meja mara nyingi zinaskika zimechangamka, kama nyimbo za birthday. Maina huwa na kivuli fulani, kitu haijatulia, kama mtu anacheka lakini macho haziko.

Na hapo ndio ujanja wa Bee Gees. Watu wengi wanafikiria hii ni ngoma ya furaha ju mguu unacheza yenyewe. Skia maneno vizuri. Ni msee ako kwa jiji kubwa, New York, anajaribu tu kusurvive, jiji linatetemeka, na kuna mahali anaomba mtu amsaidie. Hiyo si sherehe, hiyo ni hasola. Mwili unadanganywa na mdundo huku F maina ikikuambia ukweli. Ukishaskia hivyo huwezi rudi kuskia ile ya kitambo.

Akodi zenyewe si nyingi. Ubeti unakaa kwa F maina, unaruka kwa E-flati, unarudi F maina. Ni kama mtu anatoka kwa mlango, anachungulia nje, anarudi ndani. Ule mstari wa gitaa na besi wenye unafungua ngoma unajirudia kama mtu anatembea na kiburi. Ndio maana Travolta akitembea kwa ile filamu, hatua zake na ngoma zinaonekana kama zilizaliwa siku moja. Alafu juu ya yote hiyo kuna sauti ya Barry, ile ya juu inaitwa falseto, kama mtu amefinywa na mlango lakini kwa mpangilio. Hiyo sauti walianza kuitumia sana 1975 kwa "Nights on Broadway", na baada ya hapo ikawa ndio sura yao.

Note moja kwa wale wenye mnapenda zile programu za kupima ki na BPM. Zinaeza kukuchanganya. Saa zingine zitakuambia hii ngoma ni A-flati meja badala ya F maina, ju hizo mbili zinatumia noti zile zile, ni vile tu nyumbani ni tofauti. Na kwa spidi zinaeza kupatia 52 ama 208, ju mashine haijui kama unahesabu kila mdundo, ama mmoja ndio mmoja sio, ama umegawa kila mmoja mara mbili. Mguu wako ndio unajua. Kama unatikisa kichwa kawaida, hiyo ndio tempo.

Ngoma ilitoka kama singo Disemba 1977, na Februari 1978 ikashika namba moja Marekani, ikakaa hapo wiki nne. Albamu ya filamu ikauza mpaka ikashinda Grammy ya albamu ya mwaka 1979. Disko ikakufa baadaye, watu wakachoma rekodi, maisha ikasonga. Ngoma ingebaki tu ya harusi na Zilizopendwa.

Alafu 2008, daktari anaitwa David Matlock kwa chuo cha udaktari cha Illinois, tawi la Peoria, akachukua madaktari 10 na wanafunzi watano wa udaktari. Akawapa midoli ya kufinya kifua, akawawekea "Stayin' Alive". Wastani ukatoka 109 kwa dakika. Poa. Wiki tano baadaye akawaita tena, na hii mara hakuweka ngoma. Akawaambia wafikirie tu hiyo ngoma kichwani wakifinya. Wastani ukawa 113. Ngoma haikuwa inacheza, lakini spidi bado ilikuwa ndani ya ile laini.

Ni utafiti mdogo, watu 15 tu, so usitembee ukisema sayansi imefunga kesi. Lakini kitu imeonyesha wewe mwenyewe unaijua. Huwezi kumbuka tarehe ya vita gani ya class seven, lakini ngoma uliskia kwa nganya 2016 ikianza sai utaimba ata zile "eeh" za DJ. Tempo inakaa kichwani na haiulizi ruhusa. 2012 shirika la moyo la Uingereza, British Heart Foundation, likachukua Vinnie Jones, yule msee wa mpira mkali aliyegeuka mwigizaji wa majambazi, akafanya tangazo la kufunza watu CPR na hii ngoma nyuma yake. Ikaenea kila mahali.

Sasa, mbona 100 hadi 120? Mbona si 80, mbona si 150? Moyo ni pampu. Ukisimama, damu haiendi kwa ubongo, na bila hewa ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika kama nne hadi sita. Nairobi, dakika sita ambulensi bado inatafuta mahali pa kukata U-turn. So mkono wako unakuwa pampu. Ukifinya, damu inasukumwa. Ukiachilia, kifua kinarudi juu na moyo unajaa tena. Ukienda polepole, presha inashuka kabla ya kufinya tena na damu haifiki juu. Ukienda kwa fujo, moyo haupati nafasi ya kujaa, unafinya chupa tupu. Kuna mahali katikati yenye zote mbili zinafanya kazi, na ndio hiyo 100 hadi 120.

Na usichanganye: moyo kusimama si lazima iwe hati ataki. Hati ataki ni mshipa umeziba, na mtu anaeza kuwa anaongea na wewe akishika kifua. Huyo humfinyi, unampeleka hospitali mbio. CPR ni ya yule ameanguka, haitiki ukimwita na kumtingisha mabega, na hapumui kawaida. Pale kwa kupumua ndio watu wanadanganyika. Kuna vile mtu anavuta hewa kwa mbali mbali na sauti kama anakoroma. Wasee wanasema "ako sawa, anapumua". Hako sawa. Hiyo si kupumua kawaida.

Kama unaona hii ni stori ya wazee, kumbuka uwanja. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon mwaka 2003 kwa mechi na Colombia, ako na miaka 28, hakuamka. Fabrice Muamba, kijana aliyezaliwa Kongo akichezea Bolton, alianguka kwa uwanja wa Tottenham Machi 2012, moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Walimfinya kifua hiyo mda yote, wakimpiga shoti za umeme. Ako hai mpaka leo. Christian Eriksen wa Denmark 2021, hiyo wengi wetu tuliona laivu. Wote walikuwa watu wa mazoezi. Tofauti si nani alikuwa fiti. Sehemu kubwa ni nani alianza kufinya, na saa ngapi.

Sasa kazi yenyewe, haraka. Mlaze chali mahali pagumu, sio kwa kitanda. Tuma mtu mmoja, umwonyeshe na kidole, "wewe mwenye jezi ya Arsenal, piga simu", ju ukisema tu "mtu apige simu" kila mtu atatoa simu kurekodi. Namba ni 999 ama 112, na Kenya Red Cross iko na 1199. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu, viwiko vimenyooka, ufinye chini kama sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima. Achilia kabisa kifua kirudi. Tena. Ngoma kichwani.

Kwa hiyo spidi ya 104, kufinya mara 30 inachukua kama sekunde 17. Wenye wamefunzwa hupumzisha hapo na kumpea pumzi mbili mdomoni, alafu wanarudi. Kama hujafunzwa na ni mtu mzima ameanguka ghafla, endelea kufinya tu bila kusimama. Mtoto, ama mtu ametolewa majini, pumzi ni muhimu zaidi, na hapo ndio unaona mbona kulipia ile training ya siku moja si kupoteza ganji.

Utachoka. Hii hakuna mtu anakuambianga. Dakika mbili za kufinya ni kama mara 208, na mikono itakuwa inalia. Ndio maana watu hubadilishana kila dakika mbili. Kumbuka zile midundo 490? Hakuna mtu anamaliza "Stayin' Alive" yote peke yake akiwa bado anafinya vizuri. Hiyo ni ngoma ya watu wawili ama watatu.

Na hapo ndio kuna kasoro ya hii mbinu yote. 2009 Uingereza walijaribu na wimbo wa watoto, "Nellie the Elephant". Watu wengi zaidi walipata spidi sawa, lakini wengi pia wakawa wanafinya juu juu, hawafiki chini ya kutosha. Ngoma inakupatia saa, haikupatii nguvu. Unaeza kuwa kwa biti kabisa na haufanyi kitu.

Sasa najua unauliza, lazima iwe wazungu wa disko? Hapana. Amapiano nyingi zinakaa kati ya 110 na 115, so playlist yako ya Ijumaa tayari iko na ngoma kibao za kufaa. Tahadhari ni kwa drill. Hiyo inaandikwa karibu 140 lakini mwili unaiskia nusu, 70. Ukifuata ya kwanza umepita, ukifuata ya pili umezubaa. Gengetone na arbantone zinatofautiana sana, pima kila moja na ile hesabu ya sekunde 15. Ukipata makofi 25 hadi 30, iko ndani. Chagua moja yenye unaijua mpaka ukilala, uiweke.

Kitu moja tu. "Another One Bites the Dust" ya Queen, ile ya 1980 na besi ya John Deacon, iko E maina na spidi yake ni karibu 110. Kwa hesabu iko sawa kuliko ata ya Bee Gees. Lakini ukijua kizungu ya hiyo title inamaanisha nini, tafadhali, ukiwa unafinya kifua cha mtu na familia yake imekuzunguka, hiyo uiimbe kimya kimya.